Kabla Hujamwita Mtu Tasa: Homoni na Uzazi Wetu

Maneno haya niliyasema mbele ya wazazi, makungwi na vijana waliokusanyika Ngamiani, Tanga. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Mama zangu, shikamooni. Baba zangu mliokaa kule nyuma karibu na mlango, shikamooni, nanyi nawaomba msogee mbele, maana nusu ya maneno ya leo ni yenu. Wanangu mliotoka shule, karibuni sana.

Mimi ni mkunga. Nimepokea watoto wa Makorora, wa Chumbageni, na wengine mama zao waliletwa usiku wa manane kutoka Muheza na Pangani. Kupokea mtoto ni kazi ya furaha. Lakini wapo wanaonijia bila mimba na bila mtoto, na swali lao ni moja: "Mama, mbona mimi sipati?" Karibu kila mara anayeuliza ni mwanamke, tena amekuja peke yake. Mumewe yuko wapi? Mavyaa wake anasema nini huko nyumbani? Majirani wameshampa jina gani?

Nimekuja kusema juu ya homoni kwa sababu ya wanawake hao. Fedheha nyingi wanazobebeshwa watu katika ndoa zetu zinatoka kwenye jambo hili, kwamba hatujui ndani ya mwili ni nani anamwambia nani afanye nini.

Tuanze na jogoo.

Mwaka 1849, katika mji wa Göttingen huko Ujerumani, mtaalamu mmoja aitwaye Arnold Berthold alichukua majogoo wachanga sita akawafanyia upasuaji wa korodani. Mnaofuga kuku mnamjua jogoo aliyehasiwa. Upanga wa kichwani unasinyaa na kupauka, kuwika hawiki sawasawa, kupigana hapigani, na mitetea ikipita mbele yake hana habari nayo. Berthold aliwaacha wawili katika hali hiyo. Wengine aliwarudishia korodani ndani ya tumbo, na wawili kati yao akawabadilishia, huyu akapewa ya yule. Kisha akangoja. Waliorudishiwa wakaota upanga mwekundu, wakawika, wakapigana, wakafukuza mitetea kama majogoo wa kawaida. Alipowapasua akaona korodani zimejishikiza mle tumboni na kuota mishipa mipya ya damu, lakini mishipa ya fahamu hakuiona.

Sasa nawauliza. Korodani imekaa tumboni, haina mshipa wa fahamu unaoiunganisha na chochote. Imeuambiaje upanga wa kichwani uwe mwekundu? Imeliambiaje koo liwike?

Imeambia kwa njia ya damu. Kuna kitu kilitoka kwenye korodani, kikaingia katika damu, kikasafiri mwili mzima, na kila kiungo kilichokuwa tayari kukipokea kikabadilika. Ilipita zaidi ya miaka 50 ndipo Mwingereza Ernest Starling, mwaka 1905, akaviita vitu vya namna hiyo homoni.

Damu inabeba habari. Shikeni hilo, maana nitalirudia. Damu inabeba habari.

Habari zenyewe ni kidogo mno kwa kipimo. Nyingine hupimwa kwa sehemu ya bilioni moja ya gramu katika kila mililita ya damu. Kwa muda mrefu hapakuwa na namna nzuri ya kupima kitu kidogo hivyo, mpaka mwanamke wa New York, Rosalyn Yalow, na mwenzake Solomon Berson walipobuni njia katika miaka ya 1950. Yalow alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1977. Berson alikuwa amekwisha kufariki. Kila unapopelekwa maabara kupima homoni, unafuata njia iliyofunguliwa na watu hao wawili.

Basi kwa upande wa uzazi, habari zinaanzia wapi? Wengi watasema kwenye kizazi. Hapana, mama zangu. Zinaanzia kichwani.

Chini ya ubongo pana sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, na chini yake inaning'inia tezi ya pituitari, ambayo uzito wake ni kama nusu gramu tu. Haipothalamasi hutuma homoni kwa pituitari, lakini haimimini kama bomba. Hutuma kwa vipindi, takribani kila baada ya dakika 60 hadi 90 wakati yai linakua. Makungwi mliopo hapa mtanielewa haraka kuliko madaktari. Mpigaji wa ngoma ya msondo akipiga kwa vituo, wachezaji wanajua wapi pa kutia mguu. Akipiga mfululizo bila kupumua, hakuna anayeweza kucheza. Na pituitari ni hivyo hivyo. Ikipokea habari kwa vituo, inafanya kazi. Ikimiminiwa bila kituo, inanyamaza, na uzazi wote unasimama. Madaktari hulitumia jambo hilo makusudi kumtibu mtoto aliyebaleghe mapema kupita kiasi, au mzee mwenye saratani ya tezi dume.

Mpigo huo unavurugika kwa nini? Kwa njaa. Kwa kukonda ghafla. Kwa mazoezi ya kupita kiasi. Kwa msiba na mashaka ya muda mrefu. Ubongo ukiona mwili hauna akiba, unaahirisha mambo ya kuzaa. Kwa hiyo binti akikosa hedhi wakati wa mitihani, huku amekonda na halali usingizi, mimba si jibu la pekee. Mpime, ndiyo. Lakini muulize pia kama anakula.

Pituitari nayo ikishapokea mpigo hutoa homoni mbili, FSH na LH, zinazoshuka kwa damu hadi kwenye ovari za mwanamke au korodani za mwanamume. Ni homoni zile zile kwa wote wawili. Kwa mwanamke, FSH hukuza vifuko vya mayai, na vifuko hivyo hutoa estrojeni. Estrojeni inapanda kwenda kichwani, ubongo unaisoma. Ikiwa ya wastani, ubongo unasema basi, imetosha. Lakini ikipanda sana na kukaa juu kwa siku mbili hivi, pituitari inaachia LH nyingi kwa mkupuo, na baada ya kama saa 36 yai linatoka. Kifuko kilichobaki hugeuka kiwanda cha projesteroni, homoni inayoutuliza mfuko wa uzazi na kuutayarisha kupokea mimba. Mimba isipoingia, kifuko hicho hufa baada ya takribani siku 14. Projesteroni inaanguka, na hedhi inakuja.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu.

Walinijia mume na mke vijana. Wamekaa katika ndoa, hawajapata mtoto. Walikuwa na bidii ya hesabu. Wamesikia kwamba siku ya hatari ni siku ya 14, nao wakaishika kama sala. Siku ya 13, 14 na 15 wanakutana, kisha mume anasafiri na lori lake. Nikamuuliza mke, mzunguko wako ni wa siku ngapi? Akasema, siku 35, na hauchezi. Sasa hesabuni pamoja nami. Nusu ya pili ya mzunguko, ile ya projesteroni, ndiyo inayokaribia siku 14 kwa wanawake wengi. Inayorefuka na kufupika ni nusu ya kwanza. Kwa hiyo hesabu inatoka mwisho kurudi nyuma. 35 toa 14, unabaki na ngapi? 21! Yai lilikuwa linatoka siku ya 21 au karibu na hapo, mume yuko njiani. Yai huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5. Hawa hawakuhitaji dawa wala kombe la kunywa. Walihitaji kubadili ratiba ya safari.

Na ninyi vijana mnaotumia hesabu hiyo kukwepa mimba, sikieni upande wake wa pili. Mzunguko wa mtu mzima unaweza kuwa wa siku 21 na ukawa wa kawaida. 21 toa 14 ni 7. Mwanamke huyo anaweza kushika mimba akiwa ametoka tu kwenye hedhi.

Nimesema mimba isipoingia kile kifuko hufa. Je, ikiingia? Nani anakiambia kisife?

Ni mtoto mwenyewe. Mimba ikiwa na wiki moja na siku chache tangu yai kurutubishwa, mama hajajua lolote, kichefuchefu hakijaanza, kile kiini kinajipandikiza kwenye ukuta wa kizazi na kuanza kutuma homoni yake katika damu ya mama, homoni ya hCG. Habari yake ni fupi: nipo, usivunje nyumba. Kifuko kinaisikia, kinaendelea kutoa projesteroni, hedhi haiji. Subhanallah. Nimeikuta habari hii katika vitabu vya ukunga nikiwa msichana na mpaka leo naisoma kwa mshangao ule ule.

Homoni hiyo ndiyo inayosomwa na kipimo cha mkojo mnachonunua duka la dawa. Zamani kazi hiyo ilifanywa na chura. Mwingereza Lancelot Hogben, alipokuwa akifundisha Cape Town mwishoni mwa miaka ya 1920, alifanya uchunguzi juu ya chura wa majini wa huko kusini mwa Afrika, mwenye kucha miguuni. Akaona kwamba chura jike akichomwa sindano ya homoni za pituitari ya ng'ombe, anataga mayai. Kutoka hapo wakagundua kwamba akichomwa mkojo wa mwanamke mjamzito naye hutaga, mara nyingi kabla siku haijaisha. Asiye na mimba, chura hatagi. Chura hao wa Afrika wakasafirishwa kwa meli hadi hospitali za Ulaya na Marekani, na kazi hiyo waliifanya mpaka miaka ya 1960. Fikirini: habari iliyotumwa na mtoto wa binadamu, chura anaisikia na kuitii. Uumbaji huu umeunganika kuliko tunavyodhani.

Na mtoto akizaliwa, habari haziishi. Mtoto anapokandamiza mlango wa kizazi, pituitari ya mama hutoa oksitosini, kizazi kinakaza, mtoto anakandamiza zaidi, oksitosini inaongezeka. Hapa mwili hausemi imetosha mpaka mtoto atoke. Mwaka 1906 Henry Dale wa Uingereza alionyesha kwamba maji ya pituitari yanakaza kizazi, na mwaka 1953 Vincent du Vigneaud wa Marekani akaitengeneza oksitosini maabara. Ile sindano ya pajani tunayomchoma mama mara mtoto akitoka ndiyo hiyo, ya kuzuia damu isimwagike. Wakunga wenzangu, tafadhali, dawa hiyo hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kwa joto letu la Tanga, sindano iliyosahauliwa mezani inapoteza nguvu, na anayelipa ni mama aliyeko kitandani. Nanyi bibi zangu mnaosisitiza mtoto awekwe titini mara moja, mko sahihi kabisa. Kunyonya kunatoa oksitosini ile ile.

Kunyonyesha pia kunapandisha homoni ya prolaktini na kuzuia mayai yasitoke. Hii ni kinga ya kweli, kwa asilimia 98, lakini kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu mchana na usiku bila uji wala maziwa ya kopo, na hedhi ya mama haijarudi. Sharti moja likivunjika, tafuta njia nyingine.

Prolaktini inanikumbusha jambo linaloniumiza, na nimeombwa nisiliache.

Aliletwa kwangu binti mmoja, hajaolewa. Hedhi imekatika kwa miezi kadhaa, na matiti yanatoa maziwa. Mnajua alikuwa ameshaambiwa nini? Kwamba alibeba mimba akaitoa. Mama yake mzazi hazungumzi naye. Shangazi amepiga simu mpaka Mombasa. Binti ameapa, amelia, ameapa tena. Hakuna aliyemsadiki, kwa sababu maziwa yanaonekana, na watu wetu wanajua maziwa yana maana moja tu.

Maziwa hayana maana moja. Prolaktini ikipanda bila mimba, maziwa hutoka na hedhi hukatika. Inaweza kupandishwa na uvimbe mdogo kwenye pituitari, ambao mara nyingi si saratani na hupungua kwa vidonge. Inaweza kupandishwa na dawa fulani za akili na za kuzuia kutapika. Inaweza kupandishwa na tezi ya shingo isiyofanya kazi ya kutosha. Binti huyu alipimwa damu, sababu ikaonekana, akatibiwa. Aibu aliyokwisha kutiwa haina kidonge.

Nimetaja tezi ya shingo. Tezi hiyo inahitaji madini ya joto, na mjamzito anayeyakosa anaweza kuzaa mtoto mwenye akili iliyodumaa. Sisi watu wa pwani tumezungukwa na mashamba ya chumvi, na ile chumvi ya mawe ya bei rahisi inauzwa bila kutiwa madini hayo. Mjamzito, nunua ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini joto.

Wapo pia wanawake ambao hedhi yao huja leo, ikapotea miezi mitatu, na huku wanaota ndevu na chunusi. Wengi wao ovari zao zinatoa homoni za kiume kupita kiasi, na mayai hayapevuki kwa wakati. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye hali hii hawajajua kwamba wanayo. Dada yangu, hukurogwa. Wengi wenye hali kama yako hushika mimba wakipewa vidonge vya kupevusha yai, vya siku 5 tu katika mwezi, na kupunguza uzito kwa aliyezidi.

Sasa baba zangu na kaka zangu.

Mwanamume mmoja alimwacha mkewe kwa kuwa hazai. Kabla ya hapo mama yule alikunywa mizizi ya kila aina, alifukizwa, alipelekwa kwa mganga huyu na yule. Akaoa wa pili. Wa pili naye hakushika mimba. Ndipo akaja kupima, tena amefichwa na kofia. Mbegu hazikuonekana kabisa. Yule wa kwanza aliolewa kwingine, na mimi ndiye niliyempokelea mtoto wake. Na yule mume aliyemwacha ana nguvu za kiume kamili, hana tatizo chumbani. Ndugu zangu, nguvu za kiume ni jambo moja na mbegu ni jambo jingine. Kuweza kwako hakusemi lolote juu ya mbegu zako.

Na ninyi vijana wa kunyanyua vyuma, sogeeni. Kuna sindano mnazouziana ili kifua kijae. Nyingi ni testosteroni au ndugu zake. Mnadhani mnaongeza uanaume. Kumbukeni, ubongo unasoma damu. Ukikuta testosteroni imejaa, unasema imetosha, unakata FSH na LH. Korodani zinakosa habari, zinasinyaa. Testosteroni ya ndani ya korodani, ambayo kwa kawaida ni nyingi makumi ya mara kuliko ya kwenye damu, inaanguka, na bila hiyo mbegu hazitengenezwi. Kifua kimejaa, mbegu zimekwisha. Wengi hurudi katika hali yao wakiacha, lakini kwa miezi mingi, na wengine huchukua zaidi ya mwaka. Mbegu moja tu hutengenezwa kwa muda wa miezi miwili na nusu hivi. Kwa hiyo ukiacha leo, usipime kesho.

Dada zangu waliotumia sindano ya uzazi wa mpango, nanyi msitishwe. Dawa ile haiharibu kizazi, ila huchelewa kuondoka. Wastani ni kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho ndipo mimba inaingia. Vidonge na kijiti huondoka upesi zaidi.

Na mimi siwafichi: si kila kukosa mtoto ni homoni. Kisonono na klamidia zisipotibiwa huziba mirija, na mirija iliyoziba haifunguliwi na homoni yoyote. Ndiyo maana tunapima badala ya kukisia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita hupitia ugumu wa kupata mtoto katika maisha yake. Mmoja kati ya sita. Hesabuni watu wa safu yenu tu.

Basi mpime wote wawili. Narudia, wote wawili, tena siku moja. Mkikaa mwaka mzima mkikutana bila kinga na mimba haijaingia, njooni. Mke akiwa amepita miaka 35, msingoje mwaka; njooni baada ya miezi 6. Mume ndiye aanze, kwa sababu kipimo chake ni chepesi, hakina kisu wala sindano. Asimwage mbegu kwa siku 2 hadi 7 kabla ya kipimo, na majibu yakiwa mabaya arudie baada ya miezi mitatu kabla hajakata tamaa. Mke aje na tarehe zake zimeandikwa. FSH na LH tunazipima siku ya 2 hadi ya 4 ya hedhi, na projesteroni wiki moja kabla ya hedhi anayoitarajia. Mwenye mzunguko wa siku 35 asikubali kupimwa projesteroni siku ya 21 kama wote. Ni siku ya 28 kwake.

Mavyaa waliopo hapa, mkiwaona wamefuatana kwenda hospitali, msiulize nani mwenye kasoro.

Nimemaliza. Maswali sasa, na leo wanaume ndio wataanza.